Kisogo, Jicho na Koo: Kwa Vijana wa Murungu Wanaojifunza MMA

Tarehe 18 Oktoba 2025 mashindano ya PFL Africa yalifanyika Kigali, ndani ya BK Arena, na kijana wa Murungu, huku mkoani Kigoma, aliyezoea kuiona MMA kama mambo ya Las Vegas akagundua kwamba sasa imefika ng'ambo ya mpaka wa Rusumo tu. Wiki moja baadaye, tarehe 25, kule Abu Dhabi, Tom Aspinall wa Uingereza alipanda kutetea mkanda wa uzito wa juu wa UFC dhidi ya Ciryl Gane wa Ufaransa. Raundi ya kwanza haikuisha. Vidole vya Gane vilimwingia machoni, mwamuzi akasimamisha, daktari akaitwa, Aspinall akasema haoni, na pambano likatangazwa halina mshindi. Ukumbi ukazomea. Video hiyo ilifika hadi kwenye simu za vijana wa Kibondo na Kasulu, na vijiweni maneno yakawa yaleyale ya ukumbini: bingwa kaogopa, bingwa kajifanya. Baadaye upande wa Aspinall ulitoa taarifa ya kitabibu iliyoonyesha kwamba macho yote mawili yaliumia.

Maneno hayo ya kijiweni ndiyo yaliyonifanya niandike. Vijana wengi wa huku wanajifunza mchezo huu kwenye simu, wakijaribishana nyuma ya madarasa Jumamosi jioni, kwenye udongo uliokauka ukawa kama saruji. Ngumi wanazijua, mateke wanayajua, kabali wameziiga vizuri. Wasichokijua ni pigo gani haliruhusiwi, na kwa nini. Na wanaolijua wanadhani sheria hiyo ni ya kuwalinda waoga. Ushauri wangu kwako unayeanza, na kwa kocha wako, ni kwamba orodha ya makosa ndiyo somo la kwanza, kabla ya jabu, kabla ya teke la duara. Na hapa kwetu, ambako ulingo hauna godoro wala daktari, orodha hiyo inapaswa kuwa ndefu kuliko ya Marekani.

Mchezo wenyewe ulijifunza hilo kwa taabu. UFC ya kwanza, Denver, tarehe 12 Novemba 1993, ilikataza kung'ata na kuchokonoa macho, na karibu kila kitu kingine kikaruhusiwa. Desemba 1994, Tulsa, Keith Hackney alimtwanga Joe Son ngumi mfululizo za sehemu za siri, na mwamuzi hakumzuia kwa sababu wakati huo halikuwa kosa. Seneta John McCain wa Marekani akaufananisha mchezo huo na kupambanisha majogoo, na majimbo kadhaa yakaupiga marufuku. Sheria ndizo zilizouokoa. Jimbo la New Jersey lilianza kusimamia mapambano kwa kanuni mpya mwaka 2000, mwaka uliofuata wadau wakakaa kuziweka sawa, na mwaka 2009 umoja wa tume za ndondi za Amerika Kaskazini ukazipitisha kuwa sheria za pamoja. Bila sheria hizo Aspinall asingekuwa na mkanda wa kutetea, na hakuna televisheni ambayo ingethubutu kuonyesha mapambano hayo.

Ukiisoma orodha ya makosa kwa makini utaona haikupangwa kiholela. Sehemu kubwa inalinda viungo ambavyo mazoezi hayawezi kuviimarisha: macho, koo, kisogo, uti wa mgongo, sehemu za siri, kidole kimoja kimoja. Unaweza kupiga tumbo kila siku mpaka likawa gumu, jicho huwezi. Sehemu nyingine inamlinda mtu ambaye kwa wakati huo hawezi kujikinga: aliye chini, aliyeshikwa na mwamuzi, aliyesikia kengele akashusha mikono. Yaliyobaki ni ya kushika usichopaswa kushika, kama wavu, bukta au glovu ya mwenzako, na ya mdomo, yaani matusi na kutema mate.

Nianze na jicho, maana ndilo linaloumizwa sana na ndilo linalochukuliwa kirahisi. Glovu ya MMA ni nyepesi, wakia 4 hivi, na vidole viko nje ili mpiganaji aweze kukamata. Kwa hiyo kila mkono unaonyooshwa kupima umbali ni hatari. Tangu mabadiliko ya mwaka 2017, sheria za pamoja zinahesabu kuwa kosa kumwelekezea mpinzani vidole vilivyonyooka usoni, hata kama havijamgusa. Mwamuzi mzuri anaonya pale pale, hangoji jicho litoke machozi.

Kocha, kuna zoezi moja ambalo halihitaji fedha. Mpe mwanafunzi kipande cha kitambaa, akishike katika mkono wake wa mbele, kisha awe anapima umbali na mwenzake kwa raundi nzima. Kitambaa kikidondoka, mkono ulifunguka. Mwanzoni kitadondoka mara nyingi, hasa anapochoka na hasa anaporudi nyuma, kwa sababu mtu anayerudi nyuma hutanua vidole bila kujua, akitaka kumsukuma anayemfuata. Hapo ndipo macho huumia. Mfundishe akirudi nyuma afunge ngumi, au kama ni lazima asukume kwa kiganja, vidole vielekee juu.

Na likishatokea? Aliyechokonolewa asifikiche. Mwenzake arudi kona ya mbali bila kuambiwa mara mbili. Mwamuzi amwombe aliyeumia afunike jicho zima kwa mkono, kisha amwonyeshe vidole, karibu na mbali, kushoto na kulia, amuulize ni vingapi. Akiona vidole viwili pale palipo na kimoja, akiona ukungu au pazia, akishindwa kuvumilia mwanga, damu ikionekana ndani ya sehemu ya rangi ya jicho, au mboni ikiwa imepoteza umbo lake la duara, mchezo umeisha na safari ya hospitali imeanza. Jicho lisibonyezwe. Likingwe na kitu chenye shimo, kama kitako cha kikombe safi cha plastiki, kiegemee kwenye mifupa inayolizunguka bila kuligusa. Msiweke majani, msiweke maziwa ya mama, msiweke dawa ya macho iliyobaki nyumbani kwa jirani. Jicho lililochanika linaweza kuponywa na daktari, lakini likishaingia uchafu nafasi hiyo inapungua kila saa.

Mpiganaji anayesema "sioni" amesema kweli mpaka daktari athibitishe vinginevyo. Makocha wengine huwanong'oneza vijana wao waseme wanaona ili pambano lisisimame. Kocha wa namna hiyo mkimbie.

Sasa kisogo. Sheria za pamoja zinakieleza kwa vipimo: mstari unaoanzia utosini ukashuka katikati ya kichwa kwa nyuma, ukiwa na upana wa sentimita mbili na nusu hivi kila upande, kisha shingo yote ya nyuma, kutoka nyuma ya sikio hadi nyuma ya sikio, mpaka misuli ya juu ya mabega. Hapo hapapigwi kwa ngumi, kiwiko, goti wala teke. Ndani yake, ubongo unapoungana na uti wa mgongo, ndipo inaposimamiwa pumzi na mapigo ya moyo.

Kisogo hakipigwi sana watu wakiwa wamesimama wanatazamana. Kinapigwa katika hali mbili. Kwanza, mtu amezidiwa akageuka, nawe ngumi ulishaituma. Hapo mwamuzi ataangalia kama alijigeuza wakati pigo liko njiani, na mara nyingi hatakuadhibu. Pili, na hii ndiyo mbaya, umemkalia mgongoni, kalala kifudifudi, kichwa kakificha mikononi. Huoni uso wake. Kilicho mbele yako ni kisogo tu, na watu wanapiga kelele "mmalize". Vijana wasiofundishwa hupiga hapohapo. Aliyefundishwa anajua njia zake: mkono upite chini ya kidevu kutafuta kabali, au ngumi zipite pembeni, kwenye shavu na mbavu. Fanyeni zoezi hilo bila nguvu. Mmoja alale, mwingine amkalie, kocha aseme "piga", na anayepiga ataje kwa sauti mahali anapopiga kabla mkono haujafika. Asiyeweza kutaja asipige.

Hapo hapo nitaje jambo ambalo si kosa la sheria lakini liko mlango wa pili. Desemba 2023 bondia wetu Hassan Mgaya alifariki baada ya kupoteza pambano kwa KO jijini Dar es Salaam. Sisemi aliyempiga alivunja sheria. Nasema pigo halali, ulingoni, mbele ya waamuzi, katika jiji lenye hospitali kubwa, linaweza kuondoka na uhai. Basi pigo haramu la kisogo, nyuma ya darasa, jua linazama, lina uzito gani?

Kwa hiyo kila anayesimamia mazoezi azijue dalili za ubongo kuumia kama anavyolijua jina lake. Maumivu ya kichwa yanayoongezeka badala ya kupungua. Kutapika. Usingizi usio wa kawaida, au kumwamsha kukawa kazi. Mboni moja kubwa kuliko nyingine. Maneno yanayokorogana, kuuliza swali lilelile mara tatu. Degedege. Maji maji au damu kutoka puani au sikioni bila kuwa amepigwa hapo. Dalili hizi zinaweza kuchelewa saa kadhaa, kijana akala ugali wake na migebuka, akacheka, akalala, na asubuhi asiamke. Asiachwe alale peke yake usiku huo. Asinywe pombe. Asipewe aspirini wala diklofenaki, maana zinaweza kuzidisha damu kuvuja. Kama kichwa kinauma sana na kinaendelea, dawa yake ni hospitali.

Na safari ya hospitali ipangwe kabla ya mchezo. Huku kwetu gari la wagonjwa la watu wengi ni bodaboda. Lakini mtu aliyeumia shingo au aliyezimia hapakatwi katikati ya watu wawili kwenye pikipiki, kichwa kikining'inia kwenye makorongo. Alazwe juu ya ubao au mlango uliong'olewa, kichwa na shingo vikishikwa visicheze, apelekwe kwa gari. Kabla hamjafungua mashindano yoyote, hata ya zawadi ya mbuzi, awepo dereva mwenye gari anayejua kwamba leo anaweza kuitwa, namba yake iwe kwenye simu mbili tofauti, na mjue kama mnaelekea kituo cha afya cha karibu, hospitali ya wilaya pale Kibondo, au Kasulu. Kufika hospitali ya Maweni, Kigoma mjini, ni saa nyingi barabarani. Muuguzi au tabibu akikubali kukaa pembeni ya ulingo, mlipeni nauli na chakula kwanza, zawadi ya mshindi baadaye.

Koo sitalisema kwa urefu. Kabali inayobana pande mbili za shingo ni halali. Kushika au kupiga bomba la pumzi kwa vidole, ngumi au kiwiko ni haramu. Kijana aliyepigwa koo akabaki na sauti ya kukwaruza au anapumua kwa mluzi, apelekwe hospitali mara moja, hata kama anasema nafuu inakuja.

Sehemu za siri: sheria inampa aliyepigwa hadi dakika 5 apumue, na hakuna anayepaswa kumharakisha. Vijana wengi huona aibu kuzitumia. Zitumie zote. Asiye na kinga asipige wala asipigwe teke la ndani ya paja. Mkubaliane hivyo kabla ya kuanza. Na wazazi wajue hili: korodani ikivimba au maumivu yakiendelea zaidi ya saa moja, huenda imejisokota, na madaktari wana kama saa 6 tu za kuiokoa. Wavulana hulificha jambo hili mpaka kesho yake. Baba, au mjomba, amuulize kijana moja kwa moja akirudi kutoka mazoezini.

Sasa nifike palipo na vurugu kubwa kuliko zote, nayo ni sheria ya mtu aliye chini. Vijana wanabishana kila siku, na kila mmoja ana video ya kumthibitishia. Tatizo ni kwamba video hizo zinatoka kwa waandaaji tofauti wenye sheria tofauti. Japani, enzi za PRIDE, kuanzia 1997 hadi 2007, kumkanyaga mtu kichwani au kumpiga teke la mpira akiwa chini kuliruhusiwa, na RIZIN ya huko huko bado inaruhusu. ONE ya Singapore inaruhusu goti la kichwa kwa aliye chini. UFC na wote wanaofuata sheria za pamoja hawaruhusu lolote kati ya hayo. Kipande cha sekunde 15 hakikuambii ni mwaka gani wala ni sheria ya nani. Kwa hiyo "nimeona wakifanya" si hoja.

Hata ndani ya sheria za pamoja zenyewe, maana ya kuwa chini imebadilika. Zamani mpiganaji aliweza kugusa sakafu kwa kidole kimoja akajihesabu yuko chini, na wajanja walilitumia kujificha. Mwaka 2017 ikatakiwa viganja au ngumi za mikono yote miwili ziwe sakafuni, au kiungo kingine kama goti, lakini si kila jimbo lilikubali, kwa hiyo mpiganaji alilazimika kuuliza sheria ya mji kila alikokwenda. Tangu tarehe 1 Novemba 2024 mambo yamerahisishwa: mikono haihesabiwi tena. Uko chini pale tu ambapo kiungo kingine zaidi ya mikono na nyayo kimegusa sakafu. Goti moja linatosha. Kalio linatosha.

Goti moja lilimgharimu bingwa wa UFC Petr Yan mkanda. Machi 6, 2021, raundi ya nne, majaji wawili kati ya watatu wakiwa wamempa uongozi, alimpiga Aljamain Sterling goti la kichwa ilhali goti la Sterling liko sakafuni waziwazi. Yan akaondolewa, Sterling akavishwa mkanda, na ikawa mara ya kwanza mkanda wa UFC kubadilisha mmiliki kwa kosa. Bingwa wa dunia, anayelipwa kwa kazi hiyo, alikosea kwa nusu sekunde. Ndiyo maana nasema somo hili halitoshi kusomwa. Lifanyiwe mazoezi mpaka mwili ulijue. Mwenzako akishuka, mguu wako urudi wenyewe.

Mfano mwingine unaotajwa sana ni wa Jon Jones. Desemba 5, 2009 alikuwa akimshinda Matt Hamill kwa mbali, akamteremshia viwiko vya wima, kutoka juu moja kwa moja hadi chini, vilivyokuwa haramu. Hamill, ambaye tayari bega lilikuwa limeteguka, hakuweza kuendelea, na Jones akapata kipigo pekee kwenye rekodi yake. Mwamuzi John McCarthy amewahi kueleza kwamba sheria hiyo ilitokana na viongozi walioogopa walichokiona kwa wanakarate wanaovunja barafu kwa kiwiko. Mwaka 2024 kiwiko hicho kikaruhusiwa. Kuna kijana atakayesoma hapa aseme, basi kumbe sheria zilikuwa za uongo. Sivyo. Zinapimwa, zinarekebishwa na wanaohusika, kwa mkutano na kwa tarehe, na siku ya pambano unafuata iliyopo siku hiyo. Jones hakuwa na haki ya kuirekebisha akiwa juu ya mtu.

Sasa tuache ya UFC, maana wewe hupigani UFC. Wapiganaji wa ridhaa, wanaofuata kanuni za shirikisho la kimataifa la IMMAF, hawaruhusiwi kiwiko wala goti la kichwa, hawaruhusiwi kufuli la kisigino linalosokota goti, wala kukunja shingo, na raundi zao ni dakika 3 badala ya 5. Hiyo ndiyo ngazi yako. Mimi ningeongeza yafuatayo kwa Murungu, na naomba kila kocha ayaandike ukutani.

Kumnyanyua mtu na kumbwaga hakuna, mpaka mpate sehemu laini ya kutosha. Kwenye kizimba sakafu ina sponji chini ya turubai, na bado kumbwaga mtu kwa kichwa ni kosa kubwa. Kwenu sakafu ni ardhi. Mtama na ngwala fundisheni, lakini anayeangusha amshike mwenzake mkono mpaka atue. Magunia yaliyojazwa pumba za mpunga, yakapangwa yakabanana na kufunikwa turubai lililofungwa vizuri kwenye vigingi, yanafaa kuliko nyasi. Muyakague kila siku kama kuna jiwe au msumari, na turubai likilegea msiendelee, kwa sababu mguu ukinasa kwenye mkunjo goti ndilo linalosokoteka.

Ukuta si wavu. Kwenye video mnaona watu wakisukumana kwenye wavu, na wavu unabonyea. Ukuta wa tofali haubonyei, na ngumi inayompata mtu aliyeegemea ukuta inampiga mara mbili, mbele na nyuma. Wekeni mstari hatua nne kutoka ukutani. Mguu ukivuka, mwamuzi awarudishe katikati.

Kabali ifanywe palipo na mtu wa tatu anayetazama uso wa anayekabwa. Kugonga mara tatu, kwa mkono au kwa mguu, au kusema neno lolote kwa sauti, ni kusalimu, na kuachia ni papo hapo. Anayeendelea kukaba baada ya kugongewa asirudi mazoezini mwezi mzima, hata kama ndiye bora kuliko wote. Hapo msibembelezane.

Walio chini ya miaka 18 wasipigane vichwani kabisa. Wafundishwe kushikana, kuangushana, kutoka chini, kujikinga, na ngumi za mwilini zenye glovu nzito. Najua hawatafurahi. Mama zao watafurahi, na ubongo wa mtoto wa miaka 14 una kazi nyingine shuleni Jumatatu.

Haya yote hayana maana bila mwamuzi anayesikilizwa. Kwa kawaida mwamuzi wa huku ni kocha wa upande mmoja, au rafiki wa aliyetoa zawadi. Mtafuteni mtu wa tatu, ikiwezekana mwalimu wa shule anayeheshimika au askari mstaafu, mumfundishe. Kabla ya pambano awaite wote wawili na kona zao, awaambie makosa moja moja, waonyeshe kwa mkono kwamba wameelewa. Vijana wanaokutana katika eneo hili wengine ni Waha, wengine Warundi na Wakongo waliokulia kambi za wakimbizi za Nduta na Nyarugusu. Si wote wanaosikia Kiswahili kwa kasi moja kichwa kikiwa kimepigwa. Amri ziwe chache na zifanyiwe majaribio. "Acha!" ni bora kuliko "simama", kwa sababu aliye chini akisikia "simama" anaweza kuinuka, na wa juu akaendelea kupiga. Pamoja na sauti, mwamuzi aweke mwili wake katikati.

Adhabu nazo zijulikane mapema. Kosa dogo lisiloleta madhara, onyo. Likirudiwa, pointi. Kosa la makusudi lililomuumiza mwenzake mpaka asiweze kuendelea, aliyelifanya ameshindwa, hapo hapo, hata kama alikuwa anaongoza na hata kama ni mtoto wa mwenye ukumbi. Kosa la bahati mbaya lililomaliza pambano la raundi tatu kabla ya raundi ya pili kuisha, hakuna mshindi. Likitokea baada ya hapo, pointi zilizokwisha kuandikwa zinaamua. Watu wenye umri wangu wanamkumbuka Mike Tyson na sikio la Evander Holyfield, tarehe 28 Juni 1997. Mwamuzi Mills Lane alimkata pointi 2 kwa kung'ata mara ya kwanza, na baada ya mara ya pili akamwondoa, mamilioni ya dola yakiwa mezani. Mwamuzi wa Murungu anayeogopa kumwondoa mtu kwa sababu ya zawadi ya mbuzi ajiulize mara mbili kama kazi hiyo ni yake. Na penye dau la fedha kati ya watazamaji asikubali kuamua, kwa sababu walioweka dau ndio wanaopiga kelele za "mmalize".

Kuhusu kujisajili: nendeni kwa afisa michezo wa halmashauri yenu kabla hamjatoza kiingilio hata shilingi mia tano. Yeye atawaelekeza kwa msajili wa vyama vya michezo chini ya Baraza la Michezo la Taifa, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Klabu yenye katiba na kanuni zilizoandikwa ina njia ya kuomba mafunzo, kuomba vifaa, na kujieleza mtu akiumia. Kundi lisilo na karatasi likivunja mtu taya, polisi wataliona kama ugomvi mwingine wowote, fomu ya PF3 itajazwa, na maelezo kwamba "tulikubaliana kupigana" hayatamtoa mtu mahabusu.

Na wewe uliyefanya kosa bila kukusudia, inua mikono, rudi nyuma, usijitetee, usimwambie mwenzako "umejifanya". Mwache apimwe. Wewe uliyefanyiwa, usilipize. Anayelipiza ndiye anayeonekana, na wengi wameondolewa kwa pigo la pili ilhali la kwanza halikuwa lao.

Jambo la mwisho ni daftari. Kila mazoezi, kocha aandike nani amepigana na nani, nani ameanguka, nani amelalamikia kichwa, nani amechokonolewa jicho, na mkono wa nani ulifunguka. Aliyepata TKO ya kichwa asipigane, hata kwa mchezo, kwa siku 30. Aliyezimia, siku 60 au zaidi, na arudi baada ya tabibu kumwona na kuandika hivyo. Hizo ni siku ambazo tume nyingi za nje huwapa hata mabingwa wao. Daftari likae na mtu asiyepigana, na kijana akihama kutoka klabu ya Kibondo kwenda ya Kasulu, ukurasa wake unakiliwe aende nao, ili kocha mpya ajue tangu siku ya kwanza kichwa anachokipokea kimeshapita wapi.